Maswali ya Wasomaji: Ulizia bei ya kioo kabla ya kununua simu

Barua tulizochagua safari hii zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mwenye fedha ya kubana anunue simu gani ili asirudi dukani mwakani? Tunaanza na iliyouliza kwa mapana.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Bajeti yangu ni ya simu za daraja la chini, nikijibana sana nafika daraja la kati. Nataka simu ya kukaa nayo miaka minne au mitano. Kila muuzaji ananitajia megapikseli na "RAM GB 8". Nitazame nini hasa?

JIBU: Njema, ndugu msomaji. Anza na spea, simu ifuate. Simu nyingi zinastaafishwa mapema na vitu vitatu: kioo kupasuka, betri kuchoka na tundu la chaji kulegea. Ukishachagua modeli mbili tatu, nenda kwa fundi unayemwamini umuulize bei ya vitu hivyo kwa kila modeli, pamoja na ufundi wake. Kioo na ufundi vikifika nusu ya bei ya simu mpya, hiyo ni simu ya kutupa siku itakapoanguka. Vikiwa robo au chini ya hapo, umepata simu. Na fundi akisema "hiyo mpaka tuagize", jua kwamba siku ikiharibika utakaa bila simu kwa muda, na miaka miwili mbele huenda hata kuagiza kusiwezekane. Kwa sababu hiyo tunapendelea modeli iliyouzwa kwa wingi kuliko modeli nzuri ambayo hakuna mwingine anayeitumia. Vioo vyake hutengenezwa na viwanda vingi, na zile zilizokufa huchinjwa na mafundi kutoa spea.

Halafu uliza kioo ni cha aina gani. LCD, kioo kinachomulikwa na taa ya nyuma yake, ni rahisi mfukoni. AMOLED, ambayo kila nukta yake hujiwakia yenyewe, ina rangi nzuri zaidi na weusi wake ni weusi kweli, lakini spea yake halisi ni ghali, kwa hiyo mteja mara nyingi huwekewa LCD ya kubandika badala yake. Hapo ndipo watu wanaposhangaa: kisoma alama ya kidole kilichokuwa chini ya kioo kinakufa, kwa sababu kilitegemea mwanga kupenya katikati ya AMOLED, na LCD haipitishi mwanga namna hiyo. Ukitaka AMOLED kwa bajeti ndogo, chukua yenye kisoma kidole kwenye kitufe cha pembeni. Na kioo kiwe bapa. Kilichopinda kingoni hupasuka kirahisi, na protekta haikai vizuri juu yake.

Tundu la chaji: uliza kama limekaa kwenye bodi ndogo ya peke yake chini ya simu, iliyounganishwa na bodi kuu kwa fleksi, yaani utepe mwembamba wa nyaya. Simu nyingi za bei nafuu zimejengwa hivyo, na kwa upande huu zinashinda baadhi ya simu ghali. Bodi ndogo inabadilishwa kwa skrubu chache. Tundu lililochomelewa kwenye bodi kuu linahitaji fundi mwenye mashine ya hewa moto na mkono usiotetemeka.

Hiyo "RAM GB 8" (RAM ni kumbukumbu ya muda ya kuendeshea programu) soma maandishi madogo yaliyo kwenye boksi. Mara nyingi ni 4+4, yaani GB 4 za kweli na nyingine 4 zilizoazimwa kwenye hifadhi ya simu. Hifadhi ni ya polepole kuliko RAM, na kuandikwa na kufutwa mfululizo kunaichosha. Kwa miaka minne tafuta GB 6 za kweli, au 4 ikiwa matumizi yako ni ujumbe, simu na intaneti ya kawaida. Hifadhi isipungue GB 128. Ikiwa ya aina ya UFS, yenye kasi, ni bora kuliko eMMC, ya polepole, kwa kuwa simu ya eMMC iliyojaa ndiyo ile inayoganda ukifungua kamera. Tundu la memori kadi ni faida ya kweli, kwa sababu picha na video zinahamia huko. Megapikseli zisikusumbue.

Mwisho, masasisho ya programu ya simu (apdeti). Kampuni huahidi miaka, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu modeli ilipotoka, si tangu ulipoinunua. Galaxy A16 ya Samsung iliyotoka 2024 iliahidiwa miaka 6 ya masasisho ya usalama. Ukiinunua ikiwa na umri wa miaka miwili, umebaki na minne. Simu iliyoahidiwa miaka 2 tu ikapunguzwa bei baada ya mwaka mmoja na nusu haijapunguzwa kwa huruma. Ikiishiwa masasisho haizimiki, ila mianya ya usalama haizibwi tena, na programu za benki huanza kuikataa moja baada ya nyingine.

SWALI: Nitajuaje kama simu inatengenezeka kabla sijainunua? Muuzaji hawezi kunifungulia.

JIBU: Wapo waliokwisha kuifungua. Tovuti ya iFixit ina miongozo ya bure yenye picha, hatua kwa hatua, na alama za urahisi wa matengenezo hadi 10. Ufaransa ilianza kulazimisha alama ya namna hiyo madukani tangu Januari 2021. Tangu 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia soko la Umoja wa Ulaya hubeba lebo yenye herufi A mpaka E kwa uimara zikianguka, herufi nyingine kwa urahisi wa matengenezo, na idadi ya mizunguko (kujazwa na kuishiwa chaji) ambayo betri inavumilia. Sheria iliyoambatana nayo inadai betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, na spea zipatikane kwa miaka 7 baada ya modeli kuacha kuuzwa huko. Lebo hizo zimo kwenye hifadhidata iitwayo EPREL, na mtu yeyote anaweza kuingia akaandika jina la modeli. Hakikisha tu namba ndefu ya modeli inalingana na yako, kwa maana simu yenye jina lilelile huweza kuwa na bodi tofauti kwenye soko jingine.

Ukikosa vyote hivyo, tafuta video ya mtu akiifungua simu hiyo, uangalie mambo mawili: mfuniko wa nyuma ni wa plastiki au wa kioo, na betri imeshikwa na nini. Plastiki hupinda bila kuvunjika. Kioo kilichogandishwa kwa gundi huvunjika kwa mafundi wengi tu. Betri yenye ulimi wa kuvuta hutoka kwa dakika moja, wakati iliyomwagiwa gundi chini yake hutoka kwa maombi. Zipo bado simu chache za betri ya kuchomoa kwa mkono: Galaxy XCover7 ya 2024 ina betri ya namna hiyo, ya mAh 4050 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri), na bado ina kinga ya maji ya IP68. Fairphone 5 nayo hufunguliwa kwa kucha na bisibisi moja, ila bei yake haiko kwenye daraja tunalolizungumzia.

SWALI: Simu yangu imeandikwa IP68. Naweza kupiga nayo picha baharini?

JIBU: Usifanye hivyo. Tarakimu ya kwanza, 6, ni kinga ya vumbi. Ya pili ni ya maji: 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni zaidi ya hapo kwa kiwango anachokitaja mtengenezaji mwenyewe. Majaribio hufanywa kwa maji safi yaliyotulia, na simu ikiwa mpya. Chumvi haimo, sabuni haimo, mawimbi hayamo. Gundi inayozuia maji huchoka kwa joto na kwa kuanguka, na simu ikishafunguliwa mara moja bila kuwekewa gundi mpya, IP68 imebaki ya kwenye boksi. Ichukulie kama bima ya mvua na kikombe kilichomwagika. Ikiingia maji, izime, usiichaji, toa laini, ifikishe kwa fundi siku hiyohiyo aifungue na kuisafisha kwa spiriti ya isopropili. Mchele hausaidii. Unaacha vumbi na wanga ndani, huku kutu ikiendelea na kazi yake.

SWALI: Rafiki yangu ananishauri ninunue simu ya daraja la juu ya zamani iliyotumika badala ya mpya ya bei hiyohiyo. Ana haki?

JIBU: Ana haki nusu. Simu ya juu ya miaka miwili au mitatu ina bodi nzuri, hifadhi ya kasi na kamera ambayo simu mpya ya bei hiyo haiifikii. Kinachokungoja ni betri iliyochoka na kioo ghali. Kwa hiyo ongeza bei ya betri mpya kwenye bei ya muuzaji, ndipo ulinganishe. Halafu usilipe kabla hujafanya haya, mbele ya muuzaji.

Bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, uilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye risiti. Mwombe muuzaji aifute kabisa simu, kisha ianzishe upya wewe mwenyewe mpaka ufike ukurasa wa mwanzo. Ikidai akaunti ya Google au ya Apple ya mtu mwingine, imefungwa, na maneno ya "nitakutumia nenosiri jioni" yasikubaliwe. Weka laini yako, upige simu, usikilize na usikilizwe. Kwenye iPhone fungua Mipangilio (Settings), Jumla (General), Kuhusu (About): zile za karibuni hutaja hapo kama betri au kioo kilibadilishwa na kama spea ni halisi. Afya ya betri ikiwa chini ya asilimia 80, ipunguzwe bei.

Fungua picha nyeupe tupu, mwanga uwe juu kabisa. Kwenye AMOLED tazama chini, pale kibodi hukaa, na juu penye saa: kivuli cha herufi maana yake kioo kimeungua na hakiponi. Shika alama ya programu moja uiburute taratibu juu ya kioo chote, safu kwa safu. Ikijiachia mahali, tachi imekufa hapo. Chomeka chaja na utikise kebo kidogo. Cheza video dakika 10 ukiwa umekariri asilimia ya chaji: ikishuka 5 au zaidi, betri imekwisha. Chomoa trei ya laini umulike ndani. Simu nyingi zina kibandiko cheupe ambacho hugeuka chekundu kikiguswa na maji. Itazame ubavuni dhidi ya mwanga. Mfuniko au kioo kikiwa kimeinuka hata unene wa ukucha, betri imevimba.

SWALI: Nimenunua betri ya simu yangu. Naweza kubadilisha mwenyewe? Mfuniko wa nyuma umebandikwa, ni plastiki.

JIBU: Kwa plastiki, jaribu. Ila kwanza ikague hiyo betri: ikiwa imeandikwa mAh nyingi zaidi ya ya kiwandani na umbo ni lilelile, mwandishi wa kibandiko amekudanganya. Irudishe.

Shusha chaji chini ya asilimia 25, kwa kuwa betri iliyojaa ikitobolewa ni hatari zaidi. Zima, toa trei. Pasha kingo za mfuniko kwa kikausha nywele mpaka ziwe moto lakini mkono unavumilia, ingiza kadi nyembamba ya plastiki na uizungushe. Usiizamishe zaidi ya milimita chache, maana fleksi ya kisoma kidole huweza kuwa jirani. Fungua skrubu na uzibandike kwenye karatasi uliyochora simu, kila moja mahali pake. Hili si la mapambo: skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi hutoboa tabaka za bodi, na simu uliyoifungua kwa sababu ya betri inakufa kabisa.

Kiungo cha betri kichomolewe kabla ya kitu kingine chochote, kwa kijiti cha plastiki. Kisha fleksi zinazopita juu ya betri. Kama hakuna ulimi wa kuvuta, dondosha matone machache ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi pembeni mwa betri, ngoja dakika mbili tatu, uinue kwa kadi polepole. Usitumie chuma, usiipinde. Ikipinda sana usiirudishe, hata kama ulikuwa unajaribu tu. Na kama imeshavimba, mwachie fundi.

Unganisha betri mpya na uwashe simu kabla ya kubandika chochote. Jaribu chaji, tachi, spika. Ndipo uweke mkanda wa kunata wa pande mbili chini ya betri na gundi ya B-7000 kwenye mfuniko, ubane kwa raba na uiache usiku kucha. Gundi ya papo kwa papo usiilete karibu: mvuke wake hupaka ukungu kwenye lenzi za kamera, na fundi anayefuata hataweza kufungua.

SWALI: Simu za mwili mgumu, zile nene zenye raba, ni jibu?

JIBU: Kwa anayefanya kazi juu ya ngazi au gereji, ndiyo. Kwa wengine, kava lenye kingo zilizopanda juu ya kioo pamoja na protekta ya kioo hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Maandishi ya MIL-STD-810H, kipimo cha uimara cha jeshi la Marekani, yasikuvimbishe kichwa: jeshi haliidhinishi simu, na mtengenezaji huchagua mwenyewe majaribio gani ayafanye. Simu hizi nyingi hutoka kwa kampuni ndogo, kioo chake hakipatikani, na masasisho hukoma mapema.

SWALI: Chaji inaingia nikishikilia kebo kwa mkono tu. Ninunue simu nyingine?

JIBU: Hapana. Izime, mulika ndani ya tundu. Nyuzi za mfukoni hushindiliwa pale mwisho na kebo haifiki. Zikwangue kwa kijiti cha meno cha mti, polepole, usiguse kilimi cha katikati kwa nguvu, kisha jaribu kebo nyingine. Kebo sasa ikiingia kwa mlio wa kujifunga, umemaliza bila gharama. Ikiendelea kulegea, badilisha ile bodi ndogo ya chini, na fundi aijaribu kwa kebo mbili tofauti kabla hajafunga mfuniko.