Mfamasia Ajibu: Dawa za Kichina, Yasemwayo na Yaliyo

SWALI: Mama yangu ana shinikizo la damu na humeza vidonge vya hospitali kila siku. Tangu mwezi uliopita anachemsha pia dawa za Kichina alizonunua dukani, baada ya kuambiwa na muuza duka kwamba ni mizizi na majani matupu, kwa hiyo haziwezi kumdhuru. Kaka yangu anasema zote ni uzushi, azitupe. Yupi yuko sahihi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, wote wawili wamekosea, na kosa la muuza duka ndilo la hatari zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya kupunguza unene vyenye mitishamba ya Kichina walianza kufikishwa hospitalini figo zao zikiwa zimeharibika, na hatimaye waliogundulika kudhurika walizidi 100. Mmea uliokusudiwa kutiwa katika vidonge hivyo, uitwao fangji, ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana nao, guang fangji, ambao una asidi ya aristolokia, sumu inayoua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Sumu hiyo haikutoka kiwandani. Ilikuwa ndani ya mmea wenyewe.

Kwa mama yako, ninaogopa zaidi gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika michanganyiko mingi sana ya Kichina. Ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu, huufanya mwili ushikilie chumvi na maji, hupunguza potasiamu katika damu na hupandisha shinikizo, yaani hubomoa kile kile ambacho vidonge vyake vinajenga. Mahuang, mmea mwingine wa dawa hizo, nayo huyapeleka mbio mapigo ya moyo.

Niliwahi kuletewa kwenye dirisha la dawa bahasha ya kahawia iliyoandikwa Kichina kitupu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mizizi vilivyokatwa mshazari, maganda makavu ya chungwa na maganda matupu ya nyenje. Mwenye bahasha alikuwa amemficha daktari wake kwa miezi kadhaa kwa kuogopa kukemewa. Ninawaomba wenzangu wa hospitali tuache kukemea, maana mgonjwa anayekemewa haachi dawa, huacha kusema. Mama asiache vidonge vyake hata siku moja. Aweke kando mchemsho huo na aupeleke, pamoja na bahasha yake, kwa daktari au mfamasia.

SWALI: Nimesikia kwamba dawa mseto ya malaria ilitokana na tiba ya Kichina. Kwa nini basi tusinywe chai ya artemisia tunayoipanda wenyewe? (Msomaji, Bukavu)

JIBU: Ni kweli ilitokana nayo, na hapo ndipo kaka wa msomaji wetu wa Tanga anapokosea. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, ukaitwa 523 kwa kuwa ulianza tarehe 23 Mei. Mtafiti Tu Youyou na wenzake walipekua vitabu vya kale, wakaujaribu mmea wa qinghao, ndiyo hiyo artemisia yenu, lakini matokeo yakawa leo mazuri, kesho mabaya. Aliporudi kusoma maagizo ya Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliona kwamba mzee yule aliagiza qinghao ilowekwe majini na kukamuliwa, hakutaja kuichemsha. Akawaza kwamba huenda moto ndio unaoiharibu dawa, akaikamua kwa etha, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 35 hivi, na mwezi Oktoba 1971 dondoo namba 191 ikawaua vimelea wote wa malaria katika panya wa maabara. Yeye na wenzake waliinywa wenyewe kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Kitabu cha kale kilimpa fununu, lakini ni majaribio yaliyompa dawa. Chai haina kipimo: kiasi cha artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo ndani ya mmea huo, hutofautiana kati ya mmea na mmea na kati ya kikombe na kikombe, tena haiyeyuki vizuri katika maji. Homa inaweza kushuka kwa siku mbili huku vimelea waliobaki wakijizatiti upya. Katika vidonge vya mseto, artemetha, inayotengenezwa kutokana na artemisinini, hupiga haraka na kutoka mwilini baada ya saa chache, kisha dawa ya pili, lumefantrini, hubaki kwa siku kadhaa kuwamaliza waliosalia. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria, nami ninakusihi usimpe mtoto mwenye homa.

SWALI: Je, ni kweli pembe ya kifaru ni dawa ya Kichina ya nguvu za kiume? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hapana. Vitabu vya tiba vya Kichina viliitaja kwa homa kali, si kwa nguvu za kiume, na pembe yenyewe imeumbwa kwa keratini, kama kucha zako. China iliipiga marufuku mwaka 1993, na matabibu wake hutumia pembe ya nyati-maji badala yake.

Kuhusu vidonge vya nguvu za kiume vinavyouzwa kama mitishamba mitupu, mara nyingi vimekutwa vimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali iliyomo katika Viagra. Mwaka 2008 huko Singapore vidonge vya aina hiyo vilikutwa pia na glibenklamidi, dawa ya kisukari, na wanaume wasio na kisukari walifikishwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya, wanne walifariki. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti asivimeze kabisa.