Kuku wa nyama ana tarehe yake

Juzi kijana mmoja wa Njoro aliniandikia akitaka kujua kuku 500 wa nyama wangempa faida ya shilingi ngapi. Alikuwa ameshaandika gharama zote: vifaranga, magunia ya chakula, chanjo, maranda, hata nauli ya kuwasafirisha, na mwishoni akaizidisha bei ya kuku mmoja kwa 500. Hesabu yake ilikuwa safi, ila ndani yake hamkuwa na mnunuzi wala tarehe. Nilimuuliza ni nani atakayekuja kuwachukua siku ya 42, naye amenyamaza. Kwa kuwa najua wengi wenu mnapanga biashara hiyo hiyo, nimeona nijibu mbele ya wote.

Kuku wa kienyeji anaweza kumsubiri mteja, kwa sababu hata usipomuuza mwezi huu ataendelea kuparua uani na kujitafutia sehemu ya chakula chake. Kuku wa nyama hana subira hiyo. Kuku wa aina ya Cobb 500 au Ross 308 aliyetunzwa vizuri hufikia kilo 2 hivi kati ya wiki ya tano na ya sita, akiwa amekula takriban kilo 3.5 za chakula. Baada ya hapo hula zaidi ya gramu 150 kila siku, huku nyama anayoongeza kwa kila kilo ya chakula ikizidi kupungua. Kuku 100 waliokosa mnunuzi humaliza gunia la kilo 50 kwa siku tatu hivi, na gunia hilo hutoka moja kwa moja kwenye faida uliyokuwa umeshaigawa akilini kwa karo na mabati.

Mimi jambo hili nilifundishwa na mwenye hoteli mmoja wa hapa mjini Nakuru, na sijamshukuru. Aliniagiza kuku wa Desemba, akaja kwangu Lanet, akanywa chai sebuleni, akawaona vifaranga kwa macho yake, na kila baada ya maneno mawili akaniita Mama. Hakuacha arubuni, na siku hizo kumdai arubuni mtu mliyeheshimiana kulionekana kama utovu wa adabu. Wiki ya sita ilipofika, simu yake ikawa inaita bila kupokelewa. Nilikuja kusikia kwamba alikuwa amepata kuku wa bei ya chini kidogo kwingine. Kuku wangu waliuzwa mmoja mmoja kwa majirani, kwa kinamama wa kanisani na kwa yeyote aliyepita langoni, wengine wakalala kwenye friza ya kuazima, huku shemeji yangu akieleza kila mkutano wa familia kwamba ufugaji ni kazi ya wasio na kazi. Hadi leo nikipita mbele ya hoteli ile hutazama upande wa pili wa barabara.

Tangu wakati huo vifaranga ndio huja mwisho. Kwanza hutafuta wanunuzi: mwenye bucha, mpishi wa shule, mwenye kibanda cha kuku choma, mama anayeandaa ruracio, yaani sherehe ya mahari, au harambee. Kila mmoja hunitajia siku, idadi na uzito anaoutaka, kisha huacha arubuni, hata ikiwa ndogo, kwa kuwa mtu aliyetoa pesa yake hupokea simu. Ndipo ninapohesabu kurudi nyuma. Kuku wa kuchinjwa tarehe 22 Desemba lazima waingie bandani karibu na tarehe 10 Novemba, na vifaranga vyao viwe vimeagizwa Oktoba, maana msimu huo kila mtu anavitaka. Banda nalo linahitaji kuoshwa, kupuliziwa dawa na kukaa tupu takriban wiki mbili, kwa sababu virusi vya ugonjwa wa Gumboro huweza kuishi bandani kwa miezi mingi vikisubiri kundi jipya. Asiyetaka kuhesabu hivi na anunue kuku wawili wa kula nyumbani, atakuwa na amani zaidi.

Kundi langu la Jumamosi iliyopita liliisha kabla ya saa nne asubuhi. Shemeji naye alikuwa amechukua wake kwa ajili ya sherehe, na alilipa arubuni kama watu wengine.

Tarehe ya kuuza, hata hivyo, huharibika mapema kuliko wengi wanavyodhani, nayo huharibikia kwenye wiki ya kwanza. Kifaranga huingia na gramu 40 hivi, na siku ya saba anapaswa kuwa na uzito wa mara nne ya huo. Akipigwa na baridi hatafika, na kilichopotea siku hizo hakirudishwi na gunia la mwisho. Joto la kuanzia ni nyuzi 32 hadi 35, likipunguzwa kama nyuzi tatu kila wiki. Usiitazame taa, vitazame vifaranga: vikirundikana vina baridi, vikikimbilia kuta vina joto, vikitawanyika sawasawa umefaulu.

Sisi wa Nakuru tuna taabu nyingine ambayo dada yangu aliye Kisumu haijui sana, kwani yeye hupambana na joto la ziwani. Mji wetu uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kuku huyu hukua haraka kuliko moyo na mapafu yake yanavyoweza kumhudumia. Usiku wa Julai, mwili unapohitaji oksijeni zaidi ili ujipashe joto, moyo huzidiwa na tumbo hujaa maji. Wengi hukimbilia agroveti kununua viuavijasumu, ilhali hakuna kijidudu cha kuuawa hapo. Kinachosaidia ni joto la kutosha, hewa safi na kutowaharakisha mno katika wiki ya pili na ya tatu. Chakula cha unga huwakuza polepole kuliko cha punje. Wala usizibe kila tundu kwa magunia, kwa kuwa moshi wa jiko na harufu kali ya kinyesi huyaumiza mapafu yale yale unayotaka kuyaokoa.

Kuhusu chanjo nitasema moja tu, maana daktari wa mifugo atakupa ratiba ya Gumboro na kideri. Maji ya mfereji yenye klorini huua chanjo hai inayonyweshwa kuku. Tumia maji yasiyo na dawa, na uyachanganye na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, kama gramu 2.5 kwa lita. Na ukiwapa kuku dawa yoyote, soma kwenye pakiti ni siku ngapi zipite kabla ya kuchinja, kisha uziheshimu hata kama mteja yuko langoni na pesa mkononi. Wanaoliwa na watoto wa shule ni wale wale unaowatoa wewe, na anayeuza nyama yenye dawa kwa kuwa haionekani kwa macho asijiite mfugaji.

Usiku wa kuamkia siku ya kuchinja, ondoa chakula muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, lakini uache maji. Wakamate gizani, wanapokuwa wametulia. Mweleze mteja mapema kwamba kuku wa kilo 2 akiwa hai hubaki na kilo 1.5 hivi au pungufu kidogo baada ya kuchinjwa, ili mizani isilete ugomvi. Wale wachache ambao hawakufikia uzito wauze kwa majirani siku hiyo hiyo, kwa bei wanayostahili, na nusu gunia lililobaki lisiwe sababu ya kuwaweka wiki nyingine.