Pembe mbadala au pembe zinazopishana?

Swali: Jambo Mwalimu. Mtoto wangu anasoma sekondari hapa Lubumbashi, na hesabu wanafundishwa kwa Kifaransa. Kwenye daftari lake kuna angles alternes-internes. Nikimweleza haya mapembe kwa Kiswahili, niseme "pembe mbadala"? (Mama wa Kamalondo)

Jibu: Asante, mama. Ukisema "pembe mbadala", aliyesoma hesabu kwa Kiswahili huenda akakuelewa. Mtoto wako atatatizika, maana mbadala anayoijua ni kitu kinachoshika nafasi ya kingine: makala yakiisha, kuni ndizo mbadala. Katika pembe hizi hakuna inayoshika nafasi ya mwenzake.

Mchoree mistari miwili, kisha wa tatu unaoikata yote miwili. Zitatokea pembe nane, nne kwenye kila makutano. Zile za daftari zimo ndani, kati ya mistari miwili ya kwanza, kila moja kwenye makutano yake. Moja iko kushoto mwa mstari unaokata, nyingine kulia. Huko ndiko kupishana. Mimi ningesema "pembe za ndani zinazopishana pande". Hilo "pande" usiliache, tafadhali. Kupishana ni kutofautiana pia, kama bei ya unga inavyopishana kutoka soko hadi soko, na mtoto anaweza kudhani vipimo vyake ni tofauti.

Vipimo vyake hulingana, ila kwa sharti moja: mistari ile miwili iwe sambamba. Sharti hilo wanafunzi hulisahau sana, kwa lugha yoyote. Na useme "zinalingana", si "zinafanana". Kufanana ni kwa sura, kulingana ni kwa kipimo. Hapo moja ikiwa na nyuzi 65, ya pili nayo ni 65, na iliyo ndani upande uleule ni 115, kwa kuwa za ndani za upande mmoja hujumlika kuwa 180.

Angles correspondants, yaani zinazokaa mahali pamoja kwenye kila makutano, ziite "pembe za nafasi moja". Zinazotazamana kwenye makutano yaleyale ni "pembe za mkabala", nazo hulingana daima, mistari iwe sambamba au isiwe.

Kuhusu "mapembe": nyumbani ndivyo tunavyosema, mtoto asikemewe. Akiandika Kiswahili sanifu, aandike pembe hii, pembe hizi.