Ukitaka kubuni karata zako, anza na hesabu

Wengi wanaoniuliza namna ya kutengeneza karata zao huja na michoro tayari. Mlango wa Lamu, jahazi, mnazi, kazi nzuri tupu. Mchezo wenyewe ndio hawana. Mimi nashauri kinyume: mchezo kwanza, rangi baadaye, kwa sababu kanuni ndizo zitakazokuambia unahitaji karata ngapi na ipi ipewe sura ya pekee.

Chukua mchezo wangu, Kusi na Kaskazi, tunaoucheza hapa Malindi. Una undugu na Dragon Tiger wa makasino ya Asia, sikatai. Jozi ina karata 52, ree ikiwa juu ya mfalme, na moja ya ziada: twiga. Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, kwa hiyo sioni kwa nini karata ya mji huu ibebe joker, kile kikaragosi cha Kizungu. Mgawaji hutoa karata mbili, moja ya Kusi, moja ya Kaskazi. Kubwa inashinda, na aliyeuwekea dau upande huo hulipwa sawa na dau lake.

Kazi iko hapa. Zikitoka mbili za namba ileile, yaani shwari, dau liende wapi? Na twiga akitokea je? Shwari hutarajiwa mara 3 katika 53, twiga mara 2 katika 53. Benki, yaani upande wa mgawaji, ikizoa kote kuwili, inakula 5 katika 53, karibu asilimia 9.4 ya kila dau. Wenzako barazani watainuka mapema. Ndiyo maana shwari kwetu kila mtu hurudishiwa chake, na twiga peke yake ndiye anayeilisha benki: asilimia 3.77. Ruleti, kamari ya gurudumu, ile ya Ulaya yenye sifuri moja hula 2.70, ya Marekani yenye sifuri mbili 5.26, kwa hiyo tupo katikati. Halafu twiga akichomoza baraza zima hupiga kelele, na hilo nalo lina thamani yake.

Mwenye roho ngumu huweka dau kwenye shwari yenyewe, nasi humlipa 16 kwa 1. Piga hesabu: katika mara 53 atapata 48 na kupoteza 50, pengo ni mbili zilezile. Mlipe 15, pengo linaruka hadi 5. Komwe moja tu hiyo! Na changanya upya kila mkono, kwani twiga akishatoka na ugawaji ukaendelea, mwenye macho atajua benki haina tena chake.

Nimesema komwe, na ni komwe kweli, za bao. Kamari ni haramu kwa wengi wetu, na nchini Kenya huwezi kuendesha mchezo wa fedha bila leseni. Utamu haupungui.

Sasa chora. Kipimo cha kawaida ni milimita 63 kwa 88, na mchapaji atataka mchoro upite ukingo kwa milimita 3 kila upande. Namba na alama ziwe kwenye kona mbili zinazokabiliana, maana mkononi karata huonekana kona tu. Kopa, uru, shupaza na pau ziache na wekundu na weusi wake. Ukiweka mahali pake jahazi na mashua za hudhurungi, hazitofautishwi usiku chini ya taa moja. Chapisha kwanza kwa karatasi ya kawaida, kata kwa mkasi, mchezeshe jirani. Akiuliza “hii sita au tisa?”, rudi mezani.

Mgongoni ndipo pa kumwaga ufundi. Nakshi ya kofia inapendeza sana, ila lazima ibaki ileile ukiigeuza juu chini. La sivyo, mjanja atazipindua zile anazozitaka na kuzisoma kwa mgongo.

Karatasi iwe ya tabaka mbili zenye gundi nyeusi katikati. Inua karata mbele ya taa, usione kitu. Hata hivyo, kwa unyevu wa pwani mimi nalipia plastiki, japo mpya huteleza kama dagaa.

Wachapaji wengi hupanga jozi ya karata 54. Ile iliyobaki usiiache tupu: andika malipo yote, shwari 16 kwa 1 ikiwa juu kabisa, kwa sababu ndiyo inayobishaniwa zaidi.