Kwaresima kwenye jumuiya: kinachowakimbiza watu ni saa na pesa

Tumsifu Yesu Kristo, mwenyekiti.

Umeuliza ufanyeje ili watu wasipungue kwenye sala za Ijumaa za Kwaresima. Jumuiya yenu, yaani kaya jirani za Wakatoliki zinazosali pamoja, ina kaya 23, Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima iliyopita walifika watu 30, na ya nne wakabaki akina mama sita na katekista. Usianze kwa kuwasema watu kwamba wamepoa kiimani. Kwenye jumuiya nyingi za mjini wanaondolewa na mambo mawili: sala ambayo hakuna anayejua itaisha saa ngapi, na mchango mpya unaozuka kila mkikutana. Shika hayo mawili kwanza.

Tuanze na saa. Njia ya Msalaba, ile sala ya Ijumaa ya kufuata mateso ya Yesu, ina vituo 14. Kila kituo kikichukua dakika 3, ni dakika 42. Ongeza sala ya kuanzia, ya kumalizia na nia za Baba Mtakatifu, hamfiki saa nzima. Kituo kikichukua dakika 5, tayari ni saa moja na dakika 10 kabla ya matangazo, na aliyetoka kazini na daladala mbili hataonekana Ijumaa ijayo. Dakika hizo mbili za ziada zinaliwa na msomaji anayemaliza tafakari ya kitabuni halafu anaongeza ya kwake. Kwa hiyo gawa vituo tangu Jumatano, andika jina la msomaji kwa penseli kando ya kituo chake, mwambie apitie nyumbani na asome kilichoandikwa, basi. Kati ya kituo na kituo uimbwe ubeti mmoja. Matangazo yawe ya dakika 5, na ayasome katibu. Mwenyekiti akishika matangazo huwa hotuba.

Mkisema saa 11:30 jioni, anzeni saa 11:30 hata mkiwa wanne. Ukiwasubiri waliochelewa mara mbili tu, umeshawafundisha waliowahi kwamba saa yenu ni 12:15.

Kama mnatembea nyumba kwa nyumba, chagua njia fupi: kaya mbili au tatu zilizo jirani zinatosha vituo vyote 14, kwa misalaba midogo ya mti iliyotundikwa ukutani au kwenye miti. Mkitaka kila kituo kiwe kwa familia yake, wazee wataishia cha tano, na wenye nyumba wataanza kushindana kwa viti vya kukodi na soda. Kataa soda mapema, tena hadharani. Kupiga magoti kwenye kokoto ni kwa wanaoweza. Mzee asimame au akae, na aambiwe kabla ili asione aibu.

Kumbuka pia masika. Kwaresima ikisogea Machi na Aprili, mvua ni jambo la kutarajia, kwa hiyo tafuta baraza moja kubwa mapema na kila mtu ajue kwamba mvua ikianza, mnakutana pale. Mishumaa ya nje izibwe upepo: kata chupa ya maji ya lita moja na nusu katikati, tia mchanga wa vidole viwili kwenye nusu ya chini, simika mshumaa, usitokeze juu ya ukingo. Mtoto anaweza kuibeba bila nta kumdondokea mkononi. Mshumaa ukibaki mfupi sana uzime, maana plastiki itaanza kujikunja.

Miaka hii Kwaresima na Ramadhani zinaingiliana, 2025 ilikuwa hivyo na 2026 pia. Msipange kupita mbele ya msikiti wakati wa Magharibi, na spika ya mkononi izimwe mnapopita penye watu wanaofuturu. Mjumbe wa mtaa apewe taarifa siku mbili kabla.

Sasa pesa. Wiki ya kwanza taja mambo yote ya Kwaresima nzima kwa pamoja: bahasha ya Kwaresima kama parokia inagawa, chakula cha wahitaji, na sadaka ya Ijumaa Kuu ambayo huenda Nchi Takatifu. Baada ya hapo usilete jipya. Mchango wa ukarabati, sare ya WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) au zawadi ya Paroko usubiri Pasaka ipite. Zaka iendelee kwa utaratibu wake, isichanganywe kwenye kapu hili. Fedha zihesabiwe na watu wawili palepale, ziandikwe kwenye daftari, na mhazini asome jumla tu. Kusoma majina ya ambao hawajatoa ni njia ya haraka kuliko zote ya kufunga jumuiya. Mtu hatasema kwamba ameudhika. Atasema ana msiba.

Chakula cha wahitaji kiwe kile ambacho familia ingekinunua yenyewe: unga kilo 5, maharage kilo 2, mafuta lita moja, sukari kilo moja, chumvi, mche wa sabuni. Kupewa kaya mbili au tatu kunatosha, hata kama si za Wakatoliki. Kipelekwe na watu wawili jioni giza likiingia, bila picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp. Ukiona watu wanaleta nguo zilizochanika, zirudishe kwa upole.

Kuhusu kufunga, kila mwaka kuna mabishano, kwa hiyo yamalize mwanzoni. Kanuni ya 1252 ya Sheria za Kanisa inasema kujinyima nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14, na kufunga kunamhusu aliyetimiza 18 mpaka atimize 59. Siku za kufunga zinazodai ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na miwili midogo ambayo hata ikijumlishwa haifiki ule mmoja. Ijumaa nyingine za Kwaresima ni kuacha nyama. Mgonjwa, mjamzito na anayenyonyesha hawafungwi na sheria hiyo, na anayetumia dawa za kila siku asijaribu ushujaa. Anayetaka kufunga siku zote 40 afunge, lakini asimpime mwenzake. Samaki wanaruhusiwa, ila kuacha nyama ya ng'ombe halafu ukaagiza kamba wa bei mara tatu, hapo hujajinyima kitu. Na hesabu ya 40 haijumuishi Jumapili: kutoka Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, toa Jumapili 6.

Sasa majivu ya Jumatano ya Majivu, kama jumuiya yenu ndiyo ya zamu ya kuyaandaa. Kusanyeni matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka jana wiki mbili kabla, kwa sababu mengi bado yako nyuma ya picha na juu ya milango, na yaliyokaa sehemu zenye unyevu huwa hayajakauka. Yaanikeni juani siku tatu, ya mnazi na ya ukindu vilevile, yakatwe vipande vya kidole. Chomeni kwenye karai, na moto ukishika vizuri funikeni kwa bati mkiacha upenyo mdogo. Mkiacha wazi yaungue hadi mwisho, mtapata majivu meupe ambayo kwenye paji la uso hayaonekani. Mkiyanyima hewa kiasi, yanabaki meusi kama unga wa mkaa. Yakipoa kabisa, twangeni na kuchekecha kwa chujio la chai. Karai zima la matawi hutoa vikombe vichache tu, ila kikombe kimoja kinapaka mamia ya watu.

Kosa linalorudiwa ni kuyakoroga na maji tangu jana yake ili yashike. Majivu na maji ni magadi, kila bibi anayepika kisamvu anajua, na magadi yaliyokolea yanaunguza ngozi, hasa ya watoto. Yaachwe makavu, maji ya baraka ni matone tu wakati wa ibada. Kubariki ni kazi ya padre au shemasi. Kupaka, katekista anaweza kusaidia, na ndiyo maana vigango (makanisa madogo ya parokia) vya mbali vinaweza kuyapata siku hiyo hiyo yakiwa yamebarikiwa parokiani. Hayana masharti ya Komunyo: mkatekumeni (anayejiandaa kubatizwa), mtoto, na yule ambaye ndoa yake haijafungwa kanisani, wote wanapakwa. Wa mwisho huyo mwambie mwenyewe, kwa sababu huwa anakaa nyumbani akidhani hastahili.

Kitubio. Padre mmoja akimpa kila mtu dakika 5, ni watu 12 kwa saa, watu 300 ni saa 25. Parokia haina saa hizo kwenye Juma Kuu hata ikiita mapadre wageni wawili. Mwombeni Paroko siku ya jumuiya yenu kwenye wiki ya pili au ya tatu, na mwende pamoja. Anayesubiri Ijumaa Kuu atakuta foleni imefika getini.

Wagonjwa wapelekewe Komunyo kwa orodha, mkiipeleka ofisini siku kadhaa kabla. Nyumbani kuwe na meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maji ya kunywa. Ile saa moja ya kutokula kabla ya Komunyo haimhusu mgonjwa, mzee wala anayemuuguza, kwa hiyo asishindishwe njaa akimsubiri padre aliyechelewa.

Zamu yenu ya liturujia ikiangukia Kwaresima: hakuna Aleluya, hakuna wimbo wa Utukufu isipokuwa kwenye sherehe kama ya Mtakatifu Yosefu Machi 19, na hakuna maua altareni isipokuwa siku za namna hiyo na Jumapili ya nne. Kinanda kinasindikiza sauti tu. Kwaya zitanung'unika, waache.

Mkesha wa Pasaka hauanzi mpaka giza liingie, na una masomo hadi 9, ubatizo, kisha Liturujia ya Ekaristi. Panga mapema nani anarudi na nani: bajaji mbili kwa wazee, vijana wa VIWAWA (chama cha vijana Wakatoliki) watembee na akina mama, na wazazi wa wabatizwa wabebe kanga za ziada, maana mtoto aliyemwagiwa maji saa 5 usiku atatetemeka mpaka baraka ya mwisho.