Usijipime kwa mlima: kwa mnaoanza kuunda skrini ya ujazo

Wadogo zangu wanaokuja ateliye hapa Birere, mtaa wa Goma, wanataka kuunda skrini ya ujazo, ile ambayo picha yake unaizunguka kama unavyozunguka meza. Huniuliza kwanza taa ngapi na programu gani. Mimi nawauliza kama ekseli yao, ule mhimili unaozunguka, imenyooka. Wananiona mzee.

Kazi yenyewe ni hii: unasimamisha ubao wa taa za LED juu ya mota na kuuzungusha. Kwa kila pembe unawasha taa za pembe hiyo tu, kisha unabadilisha. Jicho halisahau mwanga upesi, basi linaunganisha vipande kama vya chungwa, na chungwa zima linaelea hewani. Ubao uliotokeza pande zote mbili za ekseli hupita kila mahali mara mbili kwa mzunguko mmoja, hivyo mizunguko 900 kwa dakika inakupa picha kamili 30 kwa sekunde. Ukishuka sana chini ya hapo, picha inapepesa na macho yanachoka.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano. Ukiwa Goma, utaanza na nini kingine? Ulitokea safi, mwekundu kileleni, majirani wakajaa mlangoni. Mtoto mmoja akasema, "Basi tuonyeshe chukudu," ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Nikakesha kuichora. Ikatoka ukungu mtupu.

Nilimaliza wiki nzima kabla ya kuelewa. Mlima niliouchora una umbo la pia (koni) tu, unafanana kutoka kila upande, kwa hiyo vipande vyake vyote ni kimoja kilichorudiwa. Hata programu ikikosea pembe kabisa, mlima unabaki mlima. Ulikuwa umenisifu bure. Jipimeni kwa kitu chenye mbele na nyuma: kiti, chukudu, hata herufi F.

Kosa langu lilikuwa kuipa kila pembe muda uliopangwa mara moja. Bateri ikichoka mota inapunguza mwendo, na picha inaanza kutambaa. Gundisheni sumaku ndogo kwenye fremu isiyozunguka, na kihisi cha sumaku kwenye ubao. Kila kinapoipita sumaku, programu inapima mzunguko uliokwisha na kuugawa upya kwa idadi ya vipande. Na msipoteze mwezi kama mimi kwa kubana kila kitu ndani ya Arduino Uno R3, ule ubao mdogo wa kompyuta: vipande 120 vya taa 64 kwa 32, rangi moja tu, ni baiti 30,720, na RAM yake, yaani kumbukumbu ya kazi, ni kilobaiti 2. Chipu ya ESP32 ina kilobaiti 520.

Sasa ile ekseli. Kwa mizunguko 900, gramu moja iliyo sentimita 10 kutoka katikati inavutwa nje kana kwamba ina uzito wa gramu 90. Seli moja ya bateri ya laptopu kuukuu ina gramu 45 hivi. Hapo inakuwa kilo nne. Yangu niliifunga kwa utepe. Ilichomoka ikapiga ukuta, mimi nikiwa nimeinama kuokota bisibisi (hiyo bisibisi ninayo mpaka leo). Seli zikae karibu kabisa na ekseli, zibanwe kwa skrubu, na mashine nzima ifunikwe kwa plastiki angavu nene. Kioo hapana.

Mtikisiko ulinishinda hadi Papa mmoja jirani, fundi wa chukudu, alipoingia na kusema, "Mashine yako inalia." Alichomoa ekseli pamoja na ubao, akailaza juu ya visu viwili sambamba, makali juu. Upande mzito ukashuka wenyewe. Tukaongeza skrubu upande mwepesi, moja moja, mpaka ekseli ikatulia popote tulipoiacha. Tulitumia robo saa, na mimi nilikuwa nimeshatafuta kosa hilo ndani ya programu kwa siku nyingi.

Mengine mtayazoea: picha ni kama mzuka, unaona nyuma kupitia mbele, katikati kuna mstari hafifu, na video ya simu inajaa mistari myeusi hata mashine ikiwa nzima.

Chukudu ilitokea miezi mitatu baada ya mlima. Papa aliizunguka mara mbili bila kusema neno, kisha akaniambia usukani nimeuweka chini mno.