Spea za Kubeba Kwenye MGB ya Zamani, na za Kuacha Nyumbani

MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, ilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, kuanzia 1962 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya laki tano. Ndiyo maana ukiwa hapa Uingereza spea yake si ya kuhangaikia: unaagiza leo, kesho kutwa imefika mlangoni. Lakini kuipata spea ni jambo moja, na kuitegemea saa mbili usiku kando ya barabara ni jambo jingine. Nina MGB ya 1966, ninaipenda na ninaiendesha mwaka mzima, na ushauri wangu mkubwa ni huu: usibebe kipuri ambacho hakijawahi kufanya kazi kwenye gari lako.

Nasema hivyo kwa sababu vipuri vingi vipya vya magari haya vimetengenezwa kwa bei rahisi. Chukua rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distributa na kuzigawia plagi moto. Zile za bei ya chini zina ribiti ya chuma katikati, na moto wa koili hupenya kwenye plastiki, ukapita kwenye ribiti na kuingia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Gari linazima kama limezimwa kwa ufunguo. Kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme cha distributa, nazo ni hivyo hivyo: injini ikiwa baridi inawaka vizuri, ikipata joto inaanza kukohoa, mwisho inakataa kabisa. Ukiwa na kondensa mpya kwenye pakiti ambayo nayo ni mbovu, utaibadilisha, gari halitawaka, na utaanza kutafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Hapo ndipo watu wanapopoteza saa nzima.

Kwa hiyo ukinunua rota, kondensa au pointi mpya (ile swichi ndogo ya ndani ya distributa), zifunge siku hiyo hiyo na uendeshe nazo wiki kadhaa. Ile ya zamani uliyoitoa ikiwa nzima, isafishe, iandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, uiweke kwenye boksi. Hiyo ndiyo spea, maana tayari imeshajithibitisha.

Kabla hujafungua boksi lenyewe, jiulize gari limezimaje. Likikatika ghafla bila dalili, anza na umeme. Likianza kupungua nguvu, kushtuka na kufifia polepole, anza na petroli. Kupima rota hakuhitaji kifaa: fungua kifuniko cha distributa, shika waya mnene wa koili kwa koleo lenye mpini wa mpira, uweke ncha yake milimita chache juu ya shaba ya rota, kisha mwenzako apige stata. Cheche ikirukia kwenye rota, rota imekufa. Hakikisha tu hakuna petroli inayovuja hapo karibu.

Upande wa petroli, MGB inakuambia yenyewe. Pampu yake, ya kampuni ya SU, ni ya umeme. Ukifungua swichi bila kupiga stata utasikia tak-tak-tak ya haraka, kisha inapungua na kunyamaza kabureta zikijaa. Ikiendelea kupiga mbio bila kupumzika, petroli haifiki: tangi ni tupu au pampu inavuta hewa. Ikiwa kimya tangu mwanzo, ama haipati umeme au pointi zake zimekwama.

Hili la mwisho lilitukuta Wales, kwenye A44 baada ya Llangurig tukielekea Aberystwyth, mvua inanyesha na simu haina mtandao. Gari lilififia kwenye mlima. Mke wangu akafungua swichi, mimi nikasikiliza nyuma: kimya. Taa ya kupimia umeme ikaonyesha moto unafika kwenye pampu. Kwenye MGB za miaka hiyo pampu iko chini ya gari, mbele ya gurudumu la nyuma la kulia, kwa hiyo nililala kwenye majani yenye maji, nikaigonga taratibu kwa mpini wa nyundo. Tak-tak-tak. Tukafika. Bila kile kitaa cha kupimia ningeanza kufungua nyaya zilizokuwa nzima.

Ndiyo maana taa ya kupimia, au multimita ndogo, naiona muhimu kuliko spea zote. Na jifunze rangi za nyaya za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya; zina mantiki nzuri sana. Kahawia ina moto wakati wote bila kupita kwenye fyuzi. Nyeupe hupata moto ukifungua swichi, nayo pia haina fyuzi. Kijani ni ile iliyopita kwenye fyuzi, nyeusi ni ya kurudi kwenye bodi. Pampu ya petroli inalishwa na nyeupe, kwa hiyo ikinyamaza usipoteze muda kubadilisha fyuzi. Kagua zile chomeko za mviringo zinazounganisha nyaya, maana huota kutu ya kijani kwa ndani. Chomoa, sugua kwa msasa, rudisha.

Spana ni jambo ambalo wengi wanaliona dogo. Gari hili ni la inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, lakini inacheza, na nati iliyokaza itaviringishwa kona zote. Beba 7/16, 1/2 na 9/16, mbili mbili, na kazi nyingi za barabarani zitaisha. Ongeza bisibisi fupi yenye sumaku, kwa sababu skrubu za pointi ni ndogo na zikidondoka ndani ya distributa usiku utalia. Fila geji ya kupimia pointi (nafasi ni milimita 0.35 hadi 0.40), koleo, spana ya plagi, nyundo ya shaba kama una magurudumu ya spoku, na taa ya kuvaa kichwani ili mikono yote miwili iwe huru. Jeki iende na kipande cha ubao mpana, la sivyo itazama kwenye udongo.

Spea nyingine ninazobeba: mkanda wa feni, mpira wa juu wa rejeta, tepu ya silikoni inayojishika yenyewe, klipu za kukaza mipira, maji, oili, mafuta ya breki (klachi nayo ni ya haidroliki, na huvuja), plagi nne zilizotumika na kusafishwa, na waya wa breki ya baiskeli pamoja na kishikizo chake cha skrubu, endapo waya wa eksileta utakatika. Pia nusu mita ya mpira wa petroli unaostahimili ethanoli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia kumi, na mipira ya zamani inalainika na kupasuka nayo. Mafuta yakivujia kwenye ekzosi ya moto, hapo hatuzungumzii tena kuchelewa safari.

Stata, pampu ya maji na gaskiti ya hedi viache nyumbani. Vingine ni vizito, buti ni dogo, na kazi zake si za kando ya barabara. Kwa mambo hayo lipia huduma ya kuvutwa.

Kama gari lako ni la kabla ya mwisho wa 1967 na halijabadilishwa, ncha chanya ya betri ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Bandika maandishi makubwa karibu na betri, maana mtu mwenye nia njema akija kukubusti bila kujua anaweza kuunguza vitu. Na bodi za magari hayo mawili zisigusane.

Kwenye motawei, zile barabara kuu za mwendo kasi, zana zako zote hazina kazi. Highway Code, kanuni za barabarani za Uingereza, inasema usijaribu hata matengenezo madogo huko, wala usiweke pembetatu. Tokeni kwa milango ya kushoto, pandeni nyuma ya kizuizi, pigeni simu. Mimi nikipata nafasi nachagua barabara za A na B, yaani za kawaida zisizo motawei, zenye sehemu za kuegesha.

Walio Nairobi wanaotunza magari haya na kuyapeleka kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse wana kazi zaidi, kwa sababu spea inatoka mbali. Hapo beba distributa nzima iliyokwisha kujaribiwa, na mota ya wipa kabla ya masika.

Vitu vyangu vidogo vinakaa kwenye kitambaa cha kukunja nyuma ya kiti, si kwenye buti chini ya mabegi. Spana zimekaa kushoto, za umeme kulia, tochi juu, na naweza kuvipapasa gizani bila kuangalia.